Almasi Iliyokula Harusi

Eulogia Chuquimia aliuza chunyo katika soko la mji wa milimani wa El Alto kwa miaka mingi, hata wateja wake wa kwanza wakawa sasa wanawatuma wajukuu. Alikaa chini kwenye gunia, marinda yake yamemzunguka kama kuku aliyeatamia, kofia yake nyeusi ya mviringo imetulia kichwani, na mbele yake kile kilima cha viazi vikavu, vyepesi, vilivyogandishwa na baridi ya mlimani na kuanikwa juani. Alivichambua kwa mkono kimoja kimoja. Ukinunua kwake, hutafuni mchanga.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa chunyo. Hakuna sherehe aliyoalikwa akafika mikono mitupu. Iwe harusi, iwe ubatizo, iwe nyumba mpya imeezekwa au kijana karudi kutoka jeshini, Eulogia alifika na makreti ya bia, mumewe Severo akiyabeba begani, yeye akicheza nyuma yake mpaka katikati ya ukumbi. Na haikuwa zawadi. Watu wa huko hawapeani zawadi, wanawekeana ayni. Ukija kwangu na kreti la bia, siku yako ikifika nitakuja kwako na kreti la bia. Ukija na blanketi, nitakuja na blanketi. Ukiniletea matarumbeta, utaletewa matarumbeta. Kilicholetwa ndicho kinachorudishwa, si pungufu wala si kwa namna nyingine. Mwenye ayni yake anaweza kukaa kimya mpaka nywele zikaota mvi, lakini siku akiita, hajibiwi kwa maneno. Anajibiwa kwa mabega ya watu waliobeba.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Nélida. Waliomtangulia walirudi kwa Mungu wakiwa wachanga. Basi kila kreti ambalo Eulogia alilipeleka kwa watu, alilipeleka kwa ajili ya siku ya binti huyo. Alipokuwa akicheza kwenye harusi za wenzake, macho yake yalikuwa kwenye harusi ambayo bado haijawa.

Severo alikuwa fundi wa lipu, mtu wa maneno machache na mzaha mkavu.

"Wenzetu wanaweka akiba benki," alimwambia siku moja, anahema chini ya kreti. "Wewe unaweka kwenye matumbo ya watu."

"Benki hufilisika, mzee."

"Na tumbo husahau."

"La Basilia halisahau. Nimelijaza mwenyewe."

Basilia alikuwa komadre wake. Eulogia ndiye aliyemshika mtoto wa kwanza wa Basilia siku ya ubatizo, na tangu hapo wakaitana komadre, jina ambalo kwao ni zito kuliko dada. Basilia na mumewe Fermín waliuza supu ya nguruwe upande wa pili wa soko. Walipoezeka nyumba yao, Eulogia aliwapelekea makreti yaliyofika usawa wa dirisha, na bendi nzima ya matarumbeta juu yake. Mtaa ule haujawahi kuisahau siku hiyo.

Basi ndivyo alivyokuwa Eulogia, mpaka Lisensiada Mirtha aliposimama mbele ya gunia lake.

Alikuwa mwanamke wa suruali na koti la kubana, kasoma chuo, ndiyo maana watu wakamwita Lisensiada. Alikuja kununua chunyo. Wakati anapimiwa, watu walikuwa wakipita na kumsalimu Eulogia kwa heshima: huyu kavua kofia, yule kainama.

"Mama, watu wote hawa wanakujua?"

"Hawa? Hawa nimecheza kwao," akasema Eulogia. "Siku yangu ikifika, watacheza kwangu."

Lisensiada akacheka, akaacha chenji. Kesho yake alirudi na kopo la unga.

Unga wenyewe uliitwa Kanavita. Ulikuwa wa mizizi ya mlimani na kakao, na ladha yake haikuwa mbaya. Ukiunywa na maziwa ya moto asubuhi, unahisi tumbo limepata rafiki. Lisensiada hakusema sana habari za unga. Alisema habari za vyeo. Ukinunua na kuingiza watu wanunue, unakuwa Fedha. Watu wako wakiingiza watu wao, unakuwa Zumaridi. Na wachache, wenye moyo, wanakuwa Almasi.

"Mimi chunyo yanitosha," alisema Eulogia.

"Chunyo inakulisha, mama. Je, inakuheshimu?"

Swali hilo lilimwingia. Heshima alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya huku chini sokoni, ya watu waliokaa kwenye magunia kama yeye. Kule kulikokuwa na viti, mwanamke wa marinda aliitwa "wewe mama" na kuambiwa asubiri nje.

Alipopata cheo cha Fedha walimpeleka mji wa Cochabamba, hoteli yenye zulia jekundu. Aliketi nyuma kabisa ili miguu yake isionekane. Kisha mtu mwenye kipaza sauti akatamka jina lake, jina lote, Eulogia Chuquimia Apaza, bila kukwama, na watu wa suti wakasimama. Walimpigia makofi mpaka akafika jukwaani. Maisha yake yote jina lile lilikuwa limesomwa hadharani kwenye zahanati tu, na kwenye chama cha wauzaji alipochelewa kulipa ada. Msichana akambandika beji kwenye shali, na Eulogia akalia mbele ya watu mia kadhaa bila kuona haya. Ukweli usemwe, hata wewe ungelia.

Jambo ambalo hakuambiwa ni kwamba beji ile inakula.

Alidhani cheo ni kama meno ya watu wazima, yakishaota yameota. Kumbe kilikuwa kama mbuzi wa kufungwa: usipomletea majani leo, kesho unamkuta amelala. Kila mwisho wa mwezi pointi zote zilifutwa, akaanza upya na wale walioingia jana. Pointi zikipungua, alinunua makopo mwenyewe kuziba pengo, na makopo yakapanda chini ya kitanda, kisha juu ya kabati, kisha chumba cha Nélida. Hoteli alijilipia. Utepe wa hariri aliovalishwa alijilipia. Siku alipopewa Zumaridi, Nélida alimsomea karatasi ya malipo yake, na kwenye makato wakakuta bei ya beji.

"Mama, hii beji umeinunua wewe."

"Nimepewa. Umeona picha."

"Umepewa, halafu wakakukata."

Eulogia aliichukua karatasi, akaitazama ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa shida. Alihisi kama mtu aliyepigwa busu kisha akadaiwa nauli ya mdomo. Lakini picha ilikuwa imeshatundikwa sebuleni, na majirani walikuwa wameshaiona. Akaikunja karatasi, akaiweka chini ya kitambaa cha meza.

Kati ya Zumaridi na Almasi palikuwa na mlima. Lisensiada alikuja nyumbani, akanywa chai, akatazama picha ukutani.

"Mama Eulogia, una hazina umeiacha inashika kutu."

"Ipi?"

"Watu wote wale uliocheza kwao. Waite."

Eulogia akaweka kikombe chini. "Ile ni ya harusi ya Nélida."

"Nani kasema uiguse? Harusi ni harusi. Kununua kopo ni biashara. Wewe tumia neno tu, lifungue mlango. Wakishaingia, wenyewe watakushukuru."

Bibi yake Lisensiada alikuwa mwanamke wa marinda, aliyeuza vitunguu kijijini huko huko nyanda za juu. Lisensiada alijua vizuri neno lile linafungua mlango gani. Akaongeza, akimshika mkono: "Na Nélida akiolewa, msimamizi wa harusi ni mimi. Almasi hawaendi mmoja mmoja. Tutakuja sote. Ukumbi hautatutosha."

Kesho yake Eulogia alivuka soko, akaenda kwa Basilia.

"Komadre, leo nimekuja kwa ayni."

Basilia aliacha mwiko ndani ya sufuria. Uso wake ulifunguka. "Nélida! Nilijua tu! Ni yule kijana wa kina Laruta? Fermín, njoo usikie, mtoto anaolewa!"

"Siyo Nélida. Ni mimi. Napanda cheo, nakuwa Almasi. Ndiyo sherehe yangu."

Fermín alikuwa ameshatoka nyuma ya kibanda, akipangusa mikono. Alimtazama mkewe. Basilia alimtazama Eulogia, na mvuke wa supu ukapita kati yao.

"Unataka bia?"

"Sitaki bia. Mnunue makopo. Yale makreti na ile bendi, piga hesabu yake, mnunue makopo."

"Komadre," Basilia akasema taratibu, "unaita sasa? Una hakika?"

"Naita sasa."

"Nakuuliza mara ya pili, maana ndivyo tulivyofundishwa kuuliza. Unaita sasa?"

"Basilia nawe! Naita sasa, mbona unaniuliza kama padri?"

Basilia alipangusa mkono wake kwenye aproni, kisha akampa mkono wa kulia, akaufunika kwa wa kushoto, kama watu wanavyofanya wanapomaliza jambo. "Haya. Tumepokea wito." Eulogia alitoka mbio kwenda kwa mwingine. Kwa mwingine akasema maneno yale yale, na kwa wa tatu, na soko zima upande ule. Hakuna aliyekataa. Ayni haikataliwi. Wengine waliuza kondoo, Basilia na Fermín walitoa fedha walizokuwa wakiweka kwa siku ya Nélida, maana walikuwa wakiweka, kidogo kidogo, tangu msichana alipovunja ungo.

Jioni alimwambia Severo. Severo alikuwa akila. Aliacha kijiko.

"Umeita ayni kwa ajili ya makopo?"

"Ni neno tu, mzee. Ni biashara."

"Walikuuliza mara mbili?"

"Basilia ndiye aliniuliza. Unamjua alivyo."

"Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao," akasema Severo, akanawa mikono, akaenda kulala bila kumaliza chakula.

Eulogia akawa Almasi. Beji yake ilikuwa kubwa kama kifungo cha koti, na ilipopigwa na taa za hoteli ilimulika mpaka darini. Alizungumza kwenye kipaza sauti, akasimulia alivyokaa kwenye gunia na sasa amesimama kwenye zulia. Watu walishangilia kwa kupiga miguu sakafuni. Lisensiada alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Mwaka haukuisha kabla kina Laruta hawajaja kumposa Nélida.

Kijana aliitwa Wilmer, fundi wa vioo, mpole. Mama yake, Hilaria, aliuza nyama, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko visu vyake. Walikubaliana ukumbi, wakakubaliana bendi, ambayo kina Laruta walisema watailipa wao. Upande wa kina Chuquimia haukujisumbua kununua bia hata chupa moja. Kwa nini ununue, na nusu ya soko inakuja kwako na mabega yaliyobeba?

Mwezi ule kabla ya harusi, gauni na nguruwe na ukumbi vilimaliza kila kitu, na Eulogia hakununua makopo ya kuziba pengo. Alisema moyoni kuwa Almasi ni Almasi, mwezi mmoja watamvumilia. Siku ya pili ya mwezi mpya simu yake ikawa kimya. Zile salamu za alfajiri, yale maua na methali za kutia moyo ambazo Almasi walitumiana, hazikuja.

"Nélida, itazame simu hii, imeharibika."

Nélida aliibonyeza, akaigeuza.

"Haijaharibika, mama. Wamekutoa."

"Nani kanitoa?"

"Kundini. Hata picha yako hawana tena. Umekuwa Fedha."

Eulogia alikaa chini pale pale jikoni. Si kwamba walimgombeza, si kwamba walimwita wakamwambia. Walimfuta tu, kama chaki. Akampigia Lisensiada, na baada ya kupiga sana, sauti ikaitikia, nzuri ile ile: "Mama yangu, ni mashine inayofanya hivyo, siyo sisi. Mwezi ujao utapanda. Harusini? Nitakuja, nimeahidi." Eulogia akashukuru, akashukuru tena.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa ghorofani, una vioo ukutani na taa za rangi kwenye dari, umepakwa kijani na machungwa kama parachichi na karoti. Kama ilivyo desturi, upande wa kulia ulikuwa wa mume na wa kushoto wa mke. Makreti ya kila upande hupangwa mbele ya watu wake, yanapanda kama ukuta, na wageni hunywa wakitazama ukuta upi umepanda zaidi. Usiulize mtu ana ndugu wangapi. Tazama ukuta wake.

Eulogia alisimama mlangoni na sahani ya vipande vya karatasi za rangi, amevaa shali mpya, beji kifuani. Alimwambia mshereheshaji aache nafasi kubwa upande wa kushoto.

Kina Laruta walikuja kwa kelele. Familia baada ya familia, wakicheza, makreti mabegani, mshereheshaji akitangaza kwa sauti ya kuuza samaki: "Familia ya Don Eusebio, makreti kumi na mawili! Familia ya shangazi wa Viacha, makreti kumi na mablanketi!" Ukuta wa kulia ukapita magoti, ukapita kiuno, ukamfikia mtu kifuani.

Upande wa kushoto watu walianza kuja pia. Wa kwanza alikuwa muuza nyuzi, ambaye Eulogia alimpelekea makreti kwenye ubatizo wa mapacha. Aliingia na mkewe, wakamwagia Nélida karatasi kichwani, wakambusu, wakampa mkono Eulogia. Mikono yao mingine ilikuwa mitupu. Eulogia akatazama nyuma yao, ngazini. Hapakuwa na mbebaji.

"Wanapandisha?" akauliza kwa furaha.

"Nini?"

"Bia."

Yule muuza nyuzi alionekana kutoelewa, kisha akaelewa, na akaona haya kwa niaba yake. "Donya Eulogia, sisi na wewe si tulimalizana? Uliita."

Akaingia kuketi. Akaja mwingine, mkono mtupu. Akaja mwingine. Walikuwa na adabu, walivaa vizuri, walimbusu mtoto, wakaketi upande wa kushoto na kusubiri sahani. Na wengi zaidi hawakuja kabisa. Mbele yao sakafu ilikuwa saruji tupu iliyopigwa deki ikang'aa. Eulogia alijiambia Lisensiada anakuja, Almasi wanakuja, ukumbi hautawatosha. Simu ikatetemeka mfukoni. Akamkimbilia Severo amsomee.

Severo alisoma polepole, maana naye hakusoma sana. "Anasema, hongera kwa bibi harusi. Anasema wako Cochabamba. Wanampokea Almasi mpya." Akamrudishia simu. "Kuna na ua."

"Ua gani?"

"La picha."

Hapo ndipo mlango ulipojaa, na Basilia akaingia.

Alikuwa anacheza. Nyuma yake Fermín anacheza, na nyuma ya Fermín wapwa zake, wote wamebeba mabegani, na mizigo imepambwa kwa karatasi za rangi kama inavyotakiwa. Moyo wa Eulogia ulipaa. Akainua sahani ili awamwagie. Mkono ukabaki juu.

Maboksi ya Kanavita. Mapya, hayajafunguliwa, yana vumbi kwenye pembe. Waliyashusha kwenye sakafu tupu, wakayapanga vizuri, boksi juu ya boksi, na Basilia akasogea, jasho linamtiririka, akamshika komadre wake mabega.

"Tunajua tulimalizana," akasema, "lakini mtoto ni mtoto, siwezi kuja kwake hivi hivi. Ila pesa hatuna, komadre. Pesa ya bia ya Nélida ndiyo hii hapa. Imo ndani ya makopo. Tulijaribu kuyauza tukashindwa, hata pale tunapouzia supu hakuna anayeyataka."

Hakuwa anatania. Ingekuwa nafuu kama angekuwa anatania.

Mshereheshaji alishika kipaza sauti, akatazama yale maboksi, akatazama karatasi yake. "Familia ya Don Fermín na Donya Basilia," akaanza kwa nguvu, kisha sauti ikampungua. "Ma... makopo. Makopo mengi."

Kisha upande wa kulia mtu mmoja akacheka puani, na kicheko kikasambaa kama moto wa majani makavu.

"Mkwe!" Hilaria aliita kutoka kitini, glasi mkononi. "Binti yako anaolewa au anafungua duka la dawa?"

"Mwache mwenzio," mumewe akamnong'oneza.

"Nimwache nini? Nauliza nijue, huenda na miye nina kiuno kinauma!"

Wakacheka zaidi. Eulogia alisimama kama aliyepigwa na radi asianguke. Makreti ya maisha yake, moja baada ya jingine, yalipita mbele ya macho yake, mgongo wa Severo chini ya kila moja, mvua, ngazi, vijiji vya mbali, usingizi aliokosa. Vyote alikuwa amevila kwa siku chache, na kile alichokula hakikuwa hata cha kushibisha. Mla mla leo, mla jana kala nini? Alikuwa amekula harusi ya mtoto wake, akavaa mfupa kifuani.

Mshereheshaji, ili kuokoa hali, aliwaita maharusi washuke wapokee. Kila kilicholetwa hupokelewa hivyo: mume na mke wanasimama mbele yake, wanamimina tone chini kwa ajili ya ardhi, wanakunywa, na tangu hapo ni ayni yao. Wao ndio watakaoirudisha. Nélida alishuka na gauni lake jeupe, macho yamemjaa maji lakini kichwa amekiinua. Wilmer alimshika kiwiko. Wakapewa glasi. Nélida akamimina tone, akapeleka glasi mdomoni.

Na Eulogia akaona. Kilicholetwa ndicho kinachorudishwa, si pungufu wala si kwa namna nyingine. Mtoto wa Basilia akioa, Nélida atatakiwa aje na makopo yale yale. Atayapata wapi? Atakwenda kwa Lisensiada. Lisensiada atamkalisha kitini, atamuuliza kama kazi yake inamheshimu.

"Usinywe!"

Sauti ilimtoka kali hata mpiga ngoma akaangusha fimbo. Eulogia alikimbia, marinda yanapepea, akampokonya mtoto glasi na bia ikammwagikia shali.

"Mama, watu..."

"Usinywe, mwanangu. Hiyo siyo yako." Akamgeukia mshereheshaji. "Soma tena. Soma jina langu. Makopo haya yameletwa kwa Eulogia Chuquimia. Nitayarudisha mimi."

"Lakini Donya Eulogia, harusi ni ya..."

"Nimesema soma!"

Akasoma. Eulogia akamimina tone, akanywa yote iliyobaki. Kisha akawageukia watu. Alikuwa amefundishwa kusema mbele ya watu, na wote walidhani sasa atasimulia gunia na zulia.

"Hawa hawana kosa," akasema. "Niliwaita, wakaitika. Ayni ya binti yangu niliila mimi. Basi. Kuleni."

Fermín na wapwa zake wakayabeba maboksi tena, wakayapeleka nyuma ya jukwaa bila ngoma. Basilia akaenda kuketi. Hilaria hakucheka tena. Alikuwa ameshika glasi yake kwa mikono miwili na kuitazama, maana hata ulimi mkali una mahali unapogota.

Upande wa kushoto ukabaki sakafu.

Bendi ilikuwa imekwisha kulipwa, na bendi iliyolipwa haisubiri mtu apone. Ikapiga. Maharusi wakashikana mikono kwa ngoma ya kwanza, ambayo huzunguka kuta zote mbili, ya mume kwanza, kisha ya mke, wazazi wakifuata nyuma. Walizunguka makreti ya kina Laruta, ukuta ulioficha miguu yao yote. Watu walipiga makofi. Kisha Wilmer akasita, hakujua afanye nini, akageuka kumrudisha mkewe kitini.

Nélida hakukubali. Alimvuta. Akavuka naye kwenda kushoto, akaanza kuzunguka saruji tupu, polepole, akipanua duara kama vile kuna ukuta mkubwa hapo katikati ambao gauni lake halipaswi kuugusa. Ukumbi mzima ulitazama. Hakuna aliyepiga makofi.

Severo akatoka, akashika mkono wa mkewe.

"Siwezi," akasema Eulogia.

Nélida alikuwa anapita mbele yao wakati huo. Hakumtazama mama yake.

"Zunguka, mama," akasema. "Watu wanatazama."

Eulogia akaingia nyuma yake. Ile sakafu ilikuwa pana. Hakuwahi kujua alikuwa amemwekea mtoto akiba kubwa kiasi hicho.